Jinsi ya kugawa maji ya ufukweni ili boti, kaiti na waogeaji wasigongane

Kila msimu ukianza naulizwa maswali yale yale. Boya la kwanza liwekwe wapi, kamba iwe na urefu gani, kwani lazima kibali, jetiski (pikipiki ya majini) tumfukuze kabisa au tumpe sehemu yake. Wanaouliza ni vijana wa boti za snokeli (kutizama samaki kwa miwani na mrija), wenye hoteli ndogo ndogo, mara nyengine sheha mwenyewe, yaani kiongozi wa shehia. Basi nimeona niandike yote pamoja, kila anayeanza apate pa kushika.

Naandika kwa hali ya mashariki ya Unguja, yaani Jambiani, Paje, Bwejuu mpaka juu Matemwe, kwenye pwani ile ambayo mwamba uko mbali na katikati ni bwawa la maji mafupi. Ukiwa Kendwa au Nungwi ambako maji hayaendi mbali, hatua nyingi zinafaa lakini vipimo utabadilisha.

Kabla ya kitu chengine chochote shika hili moja: ramani ya kugawa maji ichore wakati maji yamekupwa, usiichore maji yamejaa. Kosa hili nimeliona kuliko yote. Watu wanakaa barazani saa kumi jioni, maji yako chini ya miguu yao, wanasema hapa waogeaji, pale boti, wanakubaliana vizuri kabisa. Asubuhi ya bamvua (siku maji yanapojaa sana na kukupwa sana) saa nne maji yamekwenda huko, waogeaji wameyafuata, mama zetu wa mwani wako kwenye mashamba yao, wachokoa pweza wako mwambani, na ile "njia ya boti" ya jana inapita katikati yao wote. Nilikuwemo kwenye boti iliyofata njia ya namna hiyo, mama mmoja alikuwa ameinama anafunga mwani, maji kiunoni, nahodha hakumuona mpaka alipoinuka na sisi tuko hatua chache tu kutoka kwake. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini mimi toka siku ile sikubali ramani ya saa kumi.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Jedwali la maji la mwezi mzima. Kama huna, tumia kalenda ya mwezi: bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tuseme tarehe 1 mpaka 3 hivi na 15 mpaka 17 hivi za mwezi wa kiislamu. Maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala hayakupwi sana, ni kwenye 8 na 22.
- Simu yenye GPS na programu yoyote ya ramani inayoweza kuhifadhi pointi bila intaneti
- Bildi ya kupimia kina, hata jiwe na kamba yenye mafundo kila nusu mita inatosha
- Kamba ndefu ya mita 50 ya kupimia masafa
- Maboya. Madumu ya lita 20 yanafaa kuanzia, yafungwe vizuri na yapakwe rangi ya manjano
- Saruji, mchanga, kokoto na matairi ya zamani ya kumiminia vitalu, yaani mazege ya kushikilia maboya chini
- Kamba ya nailoni ya milimita 12 au zaidi, vipande vya mnyororo, shekeli (pingu za kuungia mnyororo na kamba) za chuma kisichoshika kutu upesi na waya wa kuzifungia
- Bendera, mbao mbili tatu za matangazo
- Watu. Angalau wawili kwa zamu, mmoja ajue kuogelea vizuri na huduma ya kwanza. Kama huna watu hao bado usinunue hata dumu moja, mana boya halimuokoi mtu.

Hatua kwa hatua

1. Kaeni na wenye maji. Namaanisha kamati ya wavuvi ya shehia, sheha, wakulima wa mwani, wachokoa pweza, manahodha wa boti za utalii, skuli za kaiti (mchezo wa kuvutwa juu ya maji na tiara kubwa), hoteli. Wengi wanawaita hoteli na boti tu, alafu wanashangaa maboya yanakatwa usiku. Mwani unalimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu 1989, ngalawa ziko hapa kabla ya babu zetu, kwaiyo wewe ndo mgeni kwenye maji yale hata kama umezaliwa hapo. Na kina mama wa mwani usiwaite mkutano saa nne asubuhi siku ya bamvua, hawatakuja, wako kazini. Waite siku za maji mafu.

Kwenye kikao usianze na ramani yako. Mpe kila mtu kijiti achore mchangani: anapita wapi, saa ngapi, msimu gani. Utajua mambo ambayo hakuna GPS itakwambia, mfano ngalawa zinatoka saa kumi alfajiri kiza kitupu, au madema (mitego ya samaki) yametegwa wapi.

2. Tembea eneo zima mara mbili. Mara ya kwanza siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwetu ni kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Tembea kwa miguu, vaa viatu kwa sababu ya urchini wenye miba na mawe, na weka pointi kwenye simu: ukingo wa maji ulipofika, mashamba ya mwani pembe zote, vichwa vya mwamba, mchanga mtupu, na mkondo wenye kina ambao maji yanabaki. Mara ya pili siku hiyo hiyo maji yakijaa, saa kumi hivi, upite na boti na bildi kwenye pointi zile zile. Tofauti ya maji kupwa na kujaa kwenye bamvua ni karibu mita 4, ukipata chini ya mita 3 basi ama siku si ya bamvua ama umepima saa siyo.

3. Chagua njia ya boti kwanza, mengine yatafuata. Watu hupenda kuanza na eneo la kuogea kwa sababu ndo zuri. Anza na njia, mana boti haina hiari, inapita penye kina tu na inatoka mlango ule ule wa mwamba, yaani pengo la kutokea bahari kuu. Njia iende moja kwa moja kutoka ufukweni kuelekea mlangoni, isipite sambamba na ufukwe. Upana mita 30 mpaka 50, ili boti mbili zipishane. Kama wavuvi tayari wana njia yao yenye kina, ombeni kuitumia hiyo hiyo, usifungue mpya.

Mwanzo wa njia pale mchangani ndo pabaya kuliko pote. Watalii wanasimama pale kupanda boti, watoto wanachezea nanga, boti inarudi nyuma mashine inazunguka. Weka boya pande zote mbili mpaka karibu na mchanga na uweke kibao.

4. Eneo la kuogea. Liwe mbali na njia ya boti, acha nafasi tupu katikati ya mita 50 angalau. Mpaka wake wa nje upime kutoka ukingo wa maji yaliyokupwa. Kama maji yakikupwa waogeaji wanakwenda mita 400 nje kutafuta kina, basi boya lako la mita 100 kutoka mchangani saa hiyo limelala kwenye mchanga mkavu na halimlindi mtu. Suluhisho langu ni kutafuta dimbwi au mkondo wa mchanga unaobaki na maji, hata kina cha pima moja (karibu mita mbili), uwe ndani ya eneo, ili mtu akitaka kuogea maji yakikupwa awe na pa kwenda ambapo boti haifiki.

5. Kaiti na jetiski. Hapa watu wa Paje ndo mnaniuliza sana, na jibu ni upepo. Pwani yetu inatizama mashariki. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini mashariki, mtu akiangusha kaiti au akikatikiwa na kamba anasukumwa kaskazini na kuletwa ufukweni. Wakati wa kaskazi ni kinyume, anasukumwa kusini. Kwaiyo waogeaji wakae upande upepo unakotoka na kaiti upande unakokwenda: kusi, waogeaji kusini na kaiti kaskazini yao, kaskazi mnageuza. Ndio, ina maana maboya yanahama mara mbili kwa mwaka, na kibao kinageuzwa. Kazi ni ya asubuhi moja ukiwa na vitalu pande zote mbili tayari, unahamisha maboya tu. Ramani moja ya mwaka mzima haifai, ile miezi ya upepo mwengine kaiti zinaangukia vichwani mwa watoto. Tanga mbili, pale upepo unapobadilika badilika, fata upepo wa siku na mtu wa zamu ndo mwenye kauli.

Na kaiti hairushwi wala kushushwa mbele ya baraza za hoteli. Kamba zake zina urefu wa mita 20 na zaidi na zinakata kama waya, tenga kipande cha mchanga kwa kurushia na mpaka wake uwe wa kuonekana.

Jetiski mimi simfukuzi, nampa nje. Anatoka kwa njia ya boti polepole mpaka apite boya la mwisho, anachezea huko, anarudi kwa njia ile ile. Hapiti mashamba ya mwani hata maji yakiwa yamejaa, mawimbi yake yanang'oa vijiti na kukata kamba.

6. Mwendo. Ndani ya njia na popote karibu na ufukwe ni noti 5, kama kilomita 9 kwa saa. Sio namba niliyoitunga, Ufaransa wanatumia noti 5 ndani ya mita 300 kutoka pwani, New Zealand noti 5 ndani ya mita 200 na pia ukiwa mita 50 karibu na mtu. Boti ikija na noti 20 inakula mita 10 kila sekunde, mtu akiibuka mbele yako mita 30 una sekunde tatu, na mikono bado haijafika kwenye mpini wa mashine.

Jinsi ya kukagua bila kifaa: weka maboya mawili ya njia kwa umbali wa mita 50 kamili. Boti ya noti 5 inachukua karibu sekunde 20 kutoka moja mpaka jengine. Ikipita kwa sekunde 10, inakwenda noti 10. Mtu wa zamu anahesabu kwa saa ya simu tu, na nahodha hawezi kubishana na saa.

7. Kibali. Boya ni alama ya baharini, haliwekwi kienyeji. Peleka ramani yako na barua ya shehia kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na kama uko ndani ya hifadhi ya bahari, mfano upande wa Mnemba au Menai, pitia na watu wa hifadhi. Bara ni TASAC (wakala wa usafiri wa meli) na Hifadhi za Bahari, Kenya ni KMA (mamlaka ya bahari), na KWS (shirika la wanyamapori) kama ni ndani ya hifadhi. Wapeni KMKM (kikosi cha ulinzi wa bahari cha Zanzibar) nakala pia, wao ndo mtakaowaita siku ya shida na ni vizuri wajue njia iko wapi kabla.

8. Tengeneza maboya. Rangi ni manjano. Usipake nyekundu wala kijani, hizo ni alama za njia ya meli na nahodha mgeni atazisoma hivyo. Zungushia utepe unaong'aa ukimulikwa tochi, kwa ajili ya ngalawa za alfajiri.

Kitalu kimiminie ndani ya tairi na uzamishe pete ya chuma nene ndani yake kabla saruji haijakaza. Kumbuka zege likiingia majini linapoteza uzito, kitalu cha kilo 100 chini ya maji ya chumvi ni kama kilo 57 tu. Na dumu la lita 20 likivutwa chini lote linavuta juu karibu kilo 20, ongeza mawimbi na mkondo, kitalu cha kilo 40 kitatembea. Mimi situmii chini ya kilo 80.

Urefu wa kamba ndo swali namba moja, kwaiyo fata hesabu hii. Chukua kina cha pale maji yakikupwa bamvua, ongeza mita 4, alafu ongeza theluthi. Mfano: kina nusu mita, ukiongeza 4 ni mita 4 na nusu, na theluthi yake ni mita 1 na nusu, kamba mita 6. Kamba fupi itazamisha boya maji yakijaa, na boya lililozama nusu mita chini ni hatari kuliko kutokuwa na boya kabisa. Kamba ndefu sana boya litazurura maji yakikupwa. Kuzuia hilo funga jiwe dogo au risasi ya nyavu katikati ya kamba, livute ulegevu chini. Usitumie kamba ya plastiki inayoelea, itajilaza juu ya maji na kuingia kwenye pangaboi (feni ya mashine) la mtu. Mita moja ya chini, pale panaposuguana na kitalu, weka mnyororo, na kila shekeli ifungwe kwa waya isijifungue.

9. Weka vitalu maji yakikupwa. Hili ni jambo linalonifurahisha kwenye pwani yetu, huhitaji wazamiaji. Subiri bamvua, saa tatu asubuhi anzeni kubeba, watu wanne na mti wa mabegani kwa kila kitalu, kufika saa tano mmemaliza nusu ya ufukwe kwa miguu. Weka kwenye mchanga mtupu tu. Usiweke juu ya tumbawe hai wala kwenye majani ya bahari, mnyororo utafagia mduara mzima. Umbali kati ya boya na boya mita 25 kwa eneo la kuogea, mita 50 kwenye njia. Vitalu vya mbali vinavyobaki majini vipeleke kwa boti, mkivishusha polepole kwa kamba mbili. Asijifunge mtu kamba mkononi.

10. Bendera na vibao. Bendera ya nyekundu juu na manjano chini maana yake waogeaji wako hapa na muokoaji yupo kazini. Usiitundike kama hakuna mtu, mtalii ataiamini na kuingia. Nyekundu peke yake ni hatari, usiingie. Miraba minne nyeusi na nyeupe ni eneo la vyombo, asiogee mtu. Kibao kichore picha, sio maneno marefu, na chora ramani mbili: maji yamejaa, maji yamekupwa.

11. Kila asubuhi. Soma utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa. Wakitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, boti za starehe hazitoki, hata mgeni alipe mara mbili. Hesabu maboya. Kagua boti: majaketi ya kuokolea kwa kila kichwa, watoto wapate ya kwao sio ya watu wazima, na kamba ya kuzimia mashine iwe imefungwa kwenye mguu au mkono wa nahodha. Boti yenye watu wa snokeli majini ipandishe bendera ya kuonyesha watu wako chini, na boti nyengine zikae mita 50.

Makosa yanayojirudia

Kumpandisha mtu kutoka majini mashine ikiwa inanguruma, ati iko "niutro". Zima. Gia inaweza kuingia kwa kuguswa na goti, na pangaboi halisubiri. Kosa hili moja likiachwa leo, hata kabla hujaweka boya, umeshaokoa miguu ya watu.

Kuruhusu "safari moja tu" katikati ya eneo la kuogea kwa sababu mgeni ana mzigo au mtoto mchanga. Kesho yake boti zote zimepita hapo.

Kumwachia hoteli moja kila kitu. Akifunga msimu wa masika, maboya yanakufa nayo.

Likitokea tatizo

*Maboya yanaibwa.* Dumu ni mali, linachotea maji. Toboa matundu madogo na ujaze povu gumu ndani, likishakuwa halihifadhi maji halina mwizi. Kama yanakatwa bila kuchukuliwa, hiyo sio wizi, ni ujumbe, kuna mtu njia yake umeifunga. Rudi hatua ya 1 ukamtafute.

*Boya limehama.* Linganisha na pointi ya GPS. Limehama na kitalu: kitalu chepesi, ongeza cha pili, uviunganishe kwa mnyororo. Limehama peke yake: shekeli imefunguka au kamba imesuguliwa, tizama pale kwenye mnyororo kwanza.

*Boya linazama kidogo kidogo.* Chaza na majani yamelielemea kamba na tumbo. Livue kila mwezi siku ya bamvua, likwangue, usipake tena rangi juu ya uchafu.

*Manahodha hawapunguzi mwendo.* Wengi ni kwa sababu wanalipwa kwa safari, dakika tatu za noti 5 wanaziona hasara. Kaa nao bila wageni, waoneshe hesabu ya mita 10 kwa sekunde kwa kuwapigia hatua hapo mchangani. Atakayeendelea, kamati imnyime kupakia abiria ufukweni kwa siku kadhaa, na mlikubaliane hilo tangu kikao cha kwanza, mkilitunga siku ya ugomvi halitashika.

*Mgeni anakuja na kaiti yake mwenyewe, hajui chochote.* Asirushe mpaka apite kwa mtu wa zamu, aoneshwe mipaka na mashamba ya mwani. Anayejua kazi yake hukubali haraka.

*Mtu amegongwa au amekatwa.* Zima mashine, mtoe majini akiwa amelala sawa, shingo isipindwe, bana damu kwa kitambaa safi kwa nguvu na usiachie kuchungulia kila mara. Mwengine apige KMKM au aite kwa redio ya VHF chaneli 16, mwengine aende barabarani kuielekeza gari, mana hospitali haiko jirani. Baada ya hapo andika kwenye daftari: saa, hali ya maji, upepo, boti ilikuwa wapi. Hata kama hakuna aliyeumia na ni kuponea chupuchupu tu, andika. Daftari letu ndilo lililotuonyesha kwamba visa vingi vilitokea bamvua kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, na skuhizi kwenye masaa hayo tunaweka mtu wa tatu kwenye zamu, anasimama huko nje kwenye maji mafupi na bendera mkononi, karibu na kina mama wa mwani.